Mafungo ya Kwenye Dungu

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, na nilikuwa nimekaa mji mmoja miezi minane, jambo ambalo halikuwahi kunitokea tangu nilipoacha shule darasa la sita. Kabla ya hapo nilikuwa nimekata miwa, nimepakia magogo, nimepiga kasia kwa wavuvi wa kambale. Mara moja nilikaa Masagati msimu mzima kwa sababu tu mtu aliniambia huko ndiko barabara inakoishia, nikataka kuona inaishiaje. Inaishia kwenye shamba la mihogo la mtu.

Kilichoniweka Ifakara ni binti mmoja wa Kiberege. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake, anajifunza cherehani kwenye baraza lililotazamana na mashine yetu. Tulizoea kuzungumza kwa kupiga kelele, maana mashine ikiwaka huwezi kumnong'oneza mtu, na nadhani mtaa mzima ulijua mambo yetu kabla yetu. Siku moja alisubiri mashine izimwe, akavuka barabara.

"Kuna mwalimu wa Mngeta ameleta barua ya posa nyumbani," aliniambia. "Wajomba wanakaa Jumapili ijayo kuijibu."

"Mwalimu wa shule ya msingi?"

"Nakuambia ameleta barua, wewe unauliza shule."

"Nauliza tu."

"Kila siku wewe unauliza tu. Leo nauliza mimi. Kabla ya Jumapili niambie kama na wewe unaleta barua au huleti. Ukileta nitajua la kusema. Usipoleta nitajua vilevile."

"Nipe siku chache nifikiri."

"Miezi minane ulikuwa unafanya nini?"

Alirudi kwenye cherehani yake. Nami nikabaki na vumbi la pumba usoni, nikijaribu kukumbuka miezi minane nilikuwa nafanya nini.

Nisidanganye, nilimpenda. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo ni kwamba kila nikijaribu kujiona nimekaa mahali pamoja hadi kuzeeka, niliona sura ya mtu mwingine. Yeye alikuwa na siku saba, na mwisho wa siku saba mmoja wetu angekuwa mume wake: mimi, au mwalimu ambaye sikuwahi kumwona ila nilikwisha kumchukia kwa mwandiko wake mzuri, ambao pia sikuwahi kuuona.

Wazo la mafungo nililipata kwenye kitumbua. Nina tabia ya kusoma karatasi yoyote inayofungia chakula, na siku mbili baadaye kitumbua changu kilikuja kwenye ukurasa wa gazeti la dini. Ulieleza kwamba mtu mwenye uamuzi mzito ajitenge, aende mahali pa upweke penye miti na maji, afunge, asali, anyamaze, na jibu litamjia. Nusu ya chini ya ukurasa ilikuwa imechanwa kwa ajili ya kitumbua cha mwenzangu. Kwa hiyo nilijua mafungo yanavyoanza. Yanavyokwisha sikujua.

Nilijaribu kwanza palepale mjini. Kanisani nilikuta kwaya wanajiandaa na sherehe, wanarudia mstari mmoja kwa sababu sauti ya tatu walikuwa wanapotea. Nikaenda mtoni, upande wa chini wa kivuko. Kulikuwa na miti, maji, akina mama wanafua, wanaume wanaoga, na mlevi mmoja aliyetaka kujua kama mimi ndiye niliyempiga mdogo wake. Upweke ni kitu adimu sana Ifakara.

Ndipo nikakumbuka dungu. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, ambako mtu hukaa kutwa akilinda ndege wakati mpunga unaanza kuinama. Binti aliwahi kuniambia kwamba dungu la mama yake halina mtu mwaka huu. Kaka yake aliyekuwa akilinda alikuwa amepata kibarua kwenye miwa, na mama, ambaye baba wa watoto wake alikwisha kufariki, alikuwa anakwenda na kurudi mwenyewe na mguu wake mbaya. Nikajiambia: kibanda kirefu, peke yake, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini, hewa safi, milima ya Udzungwa kwa mbali. Watawa wangelipigania dungu hilo. Na mama wa watu atapumzika mguu. Niliona nimepata jambo jema lenye faida mbili.

Kosa langu lina maelezo. Mimi nilizaliwa na kukulia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa, ambako ukuta wa kulia ulikuwa wa Wahehe na wa kushoto wa watu wa Kigoma. Baba yangu alikuwa Mkatoliki wa Songea, mama yangu Mwislamu wa Kilosa. Nyumba yetu ilifunga Kwaresima na Ramadhani, nami nikajifunza kula sikukuu za pande zote mbili. Kila mtu kambini alikuwa ameacha mila zake kwao, akisema atazifuata atakaporudi. Nilikua na adabu ya kutosha kusema shikamoo, zaidi ya hapo sikuwa na kitu.

Alhamisi asubuhi niliendesha baiskeli mpaka Kiberege. Mama yake nilikuwa namfahamu kwa kumsalimia tu alipokuja mashineni. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za Ifakara?"

"Nzuri. Mama, nimesikia dungu lako halina mtu. Naomba nikae huko siku tatu. Nataka kutulia peke yangu, nifikiri, nisali kidogo. Na ndege nitakulindia."

Aliweka ungo chini. "Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Na binti yangu anajua?"

"Hajui. Sikumwambia."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa upole ambao sikuuelewa. Kisha akavuta kanga yake, akajifunika kichwa mpaka usawa wa nyusi, akageukia ukuta. Alichosema baadaye aliuambia ule ukuta: kombeo liko juu ya dungu, maji ya kunywa yako kwenye mtungi, chakula kitaletwa. Niliushukuru ule mgongo wake, nikaondoka. Njiani nilifikiri labda nimemkatiza kwenye maumivu ya mguu.

Dungu lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Mpunga ulizunguka pande zote, ukipepea kama nguo, na kutoka kwenye nguzo za dungu zilikwenda kamba ndefu zenye makopo, ili mlinzi avute kamba moja na makopo yalie mwisho wa shamba. Nilipanda, nikaketi, nikafumba macho, nikaanza na Baba Yetu. Nilipofika kwenye mkate wa kila siku nikasikia sauti kama mvua inanyesha, nikafumbua. Kwelea walikuwa wameshuka kona ya mashariki kwa maelfu, na wao walikuwa wanakula wa kwao.

Nilivuta kamba, nikapiga kelele, nikarusha madongo kwa kombeo. Wakainuka, wakazunguka, wakatua kona ya magharibi. Nikageuka. Hivyo ndivyo nilivyosali siku nzima ya kwanza. Nadhani sala yangu ndefu kuliko zote ilikuwa na maneno ishirini. Nilijaribu kusali macho wazi, nikagundua kwamba mtu anayesali macho wazi anahesabu ndege. Nilijaribu kusali kwa sauti ili sala ifanye kazi mbili, na kweli Salamu Maria ikisemwa kwa nguvu inawafukuza kwelea, lakini ukisema ya tatu wanakuwa wameizoea.

Shamba la pili lilikuwa na dungu pia, na ndani yake mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kupasua mbao. Aliponiuliza kabila nikamjibu baba yangu ametoka Songea, alijitangaza papo hapo kuwa mtani wangu, na tangu hapo hakuna alichoona haya kukisema.

"Wewe Mngoni, unasinzia?"

"Nasali, mama."

"Sali na mkono mmoja. Mwingine uvute kamba."

Saa saba hivi, mama mwenye shamba alileta chakula. Nilimwona akija kwenye njia ya mguu, kikapu kichwani, kanga imemfunika uso. Hatua thelathini kutoka dungu alisimama, akakohoa. Nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba akiwa ameangalia mpunga, akaweka kikapu chini, akanipa mgongo, akaondoka na mguu wake mbaya. Nilishuka nikakichukua.

Jambo hilo lilinigusa sana. Nilijiambia, huyu mama hakusoma gazeti lolote, lakini anaelewa mafungo kuliko sisi wote. Amejua kwamba mtu aliyejitenga hatakiwi kuangaliwa wala kusemeshwa. Nilimwombea. Ilikuwa ndiyo sala pekee ya siku ile niliyoimaliza.

Nilikuwa nimekusudia kufunga. Ndani ya kikapu kulikuwa na wali, perege wa kukaanga, mboga ya maboga, na pepeta ya mpunga mchanga. Niliona kukirudisha chakula cha mama mwenye mguu mbaya ni dhambi kubwa kuliko kula. Nikala. Siku ya pili mambo yakawa makubwa zaidi: kuku mzima wa kienyeji, amekatwa vizuri, na juu ya minofu yote, peke yake kama mwenyekiti, imewekwa firigisi.

Hata mimi mtoto wa kambini nilijua firigisi hailiwi ovyo. Kwetu ilikuwa ya baba, na baba asipokuwepo ilimsubiri. Lakini nilifikiri labda mama amesikia kwamba watu wa mafungo ni kama mapadre. Nikaila. Nilikuwa bado natafuna mtani wangu alipovuka mpaka kuja kuomba moto wa sigara.

"Kuku huyo?" akauliza.

"Karibu."

"Mimi nile kuku wa mkwe wa mtu?" Akachungulia sufuria. "Firigisi iko wapi?"

"Nimekula."

"Umekula. Safi. Basi lini?"

"Lini nini?"

"Kijana, usinifiche. Harusi lini? Kijiji kizima tunajua, wewe unajifanya mtawa."

Nilimweleza taratibu kwamba nimekuja kutafakari, kwamba sijaamua, na kwamba mama mwenye shamba ananisaidia kwa kunyamaza. Alinisikiliza huku sigara ikiungua vidoleni.

"Ananyamaza," alisema. "Hakuangalii usoni."

"Ndiyo. Anaheshimu sala zangu."

"Anajifunika kanga. Anaacha chakula mbali."

"Ndiyo."

"Mngoni wewe, yule mama hajui sala zako. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani machoni, hawapokezani chakula mkononi. Kwenu mlikuwa mnafanyaje, mnakumbatiana?"

Nilisema kwetu kulikuwa kambini.

"Sikiliza. Binti analetewa barua, wajomba wanakuja Jumapili. Hapo kijana mwingine, ambaye binti amekwisha kumtaja nyumbani, anajileta mwenyewe bila kutumwa, anapanda dungu la mama mtu, analinda mpunga. Hiyo nayo ni barua. Ya mwalimu imeandikwa kwenye karatasi. Yako mama anaiona akiwa barabarani. Amelia jana kwa furaha, nakwambia, amekwenda kwa kaka yake kumwambia mwalimu arudishiwe ya kwake."

Alirudi kwake. Mimi nikabaki na mifupa. Nilikuwa nimekwenda kumuuliza Mungu swali, na kumbe nilikuwa nimelijibu siku ya kwanza asubuhi, uani, mbele ya ungo.

Sijivunii kilichofuata. Alasiri ile treni ilikuwa inapita kwenda Mlimba, na nikisikia treni miguu yangu huwa haingoji ushauri. Nilifunga begi. Nilijiambia baiskeli nitaifuata siku nyingine. Nikashuka, nikakata shamba kuelekea reli, na nilikuwa nimefika karibu nusu njia niliposikia ile mvua nyuma yangu. Niligeuka. Kundi zima lilikuwa limeshuka katikati ya shamba, si konani tena, katikati, kwa starehe, kama watu waliosikia mwenye nyumba amesafiri. Mpunga ulikuwa unalala chini yao. Nilisimama pale na begi, treni inapiga honi upande mmoja na ndege wanakula upande mwingine.

Nilikimbia kurudi. Ningependa kusema kwamba nilichagua, lakini ukweli ni kwamba nilishindwa tu kuona chakula cha mtu kinaliwa. Nilipofika juu na kuanza kuvuta kamba, mtani wangu alikuwa amesimama kwenye dungu lake, mikono kiunoni.

"Ulikwenda kujisaidia na begi?"

Nikavuta kamba kwa nguvu zaidi.

Jumamosi, jua lilipopanda, binti mwenyewe alikuja. Alikuwa ametoka Ifakara alfajiri kwa gari la mizigo, na alipanda ngazi ya dungu bila kupiga hodi. Hakuwa amekuja kunikumbatia.

"Nimepata habari za posa yangu sokoni," alisema. "Nilikuwa nanunua zipu. Mama mmoja akanipongeza."

"Sikujua mila."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimekuja." Akaketi, akachukua kamba mkononi mwangu, akaivuta yeye. Makopo yalilia mwisho wa shamba. "Mama amejibu. Wajomba wamejibu. Huyu mama wa shamba la pili amejibu. Mwalimu anarudishiwa barua kesho. Watu wote wamejibu isipokuwa mimi na wewe. Sasa nakuuliza wewe, silisikilizi dungu. Unanioa?"

Nilijua alichohitaji. Alihitaji neno moja, na yoyote kati ya mawili yangemtosha. Nikasema, "Siku ya tatu haijaisha. Bado natafakari."

Hakukasirika, na hilo lilinitisha. Alitazama shamba.

"Jana ulifikia wapi na begi lako?"

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu amekuona. Huku ni mpunga, si msitu."

"Nusu njia."

"Ukarudi kwa ajili yangu?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kudanganya kwa sababu ndogo zaidi. Lakini nilikuwa nimekaa siku tatu kwenye mafungo, na labda kidogo kilikuwa kimeingia.

"Kwa ajili ya mpunga," nikasema.

Aliinamisha kichwa mara moja, kama anavyofanya akimaliza kupima nguo ya mtu. Tulilinda ndege pamoja mpaka adhuhuri. Alikuwa na shabaha kuliko mimi, na alijua kelele ambayo kwelea hawaizoei. Alipofunga kanga yake tayari kuondoka alisema, "Kesho nitawaambia wajomba wewe ni mtu aliyemsaidia mama kulinda ndege, basi. Barua ya mwalimu isirudishwe. Lakini usiondoke. Mama akiamka Jumatatu hapana mtu hapa, watamcheka kwamba alimlisha kuku mpita njia. Maliza ndege mpaka mpunga ukomae."

"Wiki tatu hizo."

"Nne."

Akashuka. Nilimtazama akienda na njia ya mguu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakukuwa na ndege hata mmoja shambani, na kimya kilikuwa kikubwa kama kile nilichokuwa nimekitafuta. Sikukipenda.

Jumapili hakuna aliyeleta chakula. Walikuwa kwenye kikao. Mtani wangu alinirushia mihogo miwili mibichi bila neno, na kwa yule mama kukosa neno ilikuwa kama msiba.

Jumatatu asubuhi nilimwona mama mwenye shamba akija. Niliweka shati vizuri, nikageuka upande ili nisimtazame, maana nilikuwa nimeshajifunza. Sikusikia kikohozi. Nilisikia hatua zake zikifika mpaka chini ya dungu kabisa.

"Kijana," alisema, "hujambo?"

Niligeuka. Kanga ilikuwa mabegani. Alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, uso mpana, wa kawaida, wa mtu aliyelala vibaya. Alikuwa amenyoosha mkono ananipa bakuli, mkononi, ugali na mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shuka ule, uji nimesahau. Huu mguu jana umenisumbua, sijui ni baridi. Halafu ile kona ya kule mbona umeiacha inaliwa?"

Nilishuka, nikapokea bakuli. Alikaa kwenye gogo mbele yangu akaendelea kusema: mguu, bei ya magunia, mwanawe wa kwenye miwa ambaye haandiki, ng'ombe wa Wasukuma waliokanyaga shamba la jirani. Alinisemesha kama mtu anavyomsemesha kibarua aliyemzoea, bila ubaya wowote. Niliutazama uso wake, na nikajua kwamba ningetoa chochote nilicho nacho ili anigeuzie mgongo tena.

"Mama," nilisema, "mimi nimepata jibu."

Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. "Kwani aliyekuuliza ni mimi?"

"Yuko wapi?"

"Amerudi Ifakara jana. Na mjomba wake amepanda treni leo asubuhi, anapeleka jibu Mngeta kwa mwalimu." Alinyoosha mkono achukue bakuli, akaona bado limejaa, akaliacha. "Kula, mwanangu. Ndege hawa hawatangoja."